Hita Inapokataa Kuwaka

Hita ya gesi inapozimika usiku wa Januari, neno la kwanza linalosemwa nyumbani ni kwamba imeharibika. Leo nataka kulipinga neno hilo. Hita ya kisasa inayozimika yenyewe, mara nyingi, haijaharibika; imekataa. Imepewa amri ya kuwasha moto ndani ya nyumba yenye watu waliolala, ikatafuta ushahidi kwamba moto huo ni salama, haikuupata, ikafunga gesi. Tofauti hii inaweza kuonekana kama ya wapenda mabishano, maana baridi chumbani ni ileile, mashine iwe imekufa au imegoma. Lakini anayedhani imekufa hutafuta namna ya kuifufua kwa nguvu, au humlipa fundi wa usiku wa manane aje abadilishe chujio lililojaa vumbi. Anayejua kwamba imekataa huuliza swali jingine kabisa: imekataa nini? Hoja yangu ni kwamba swali hilo la pili ndilo ufundi wenyewe, na kwamba mtu asiye fundi anaweza kulijibu nusu yake akiwa bado amevaa kandambili.

Nasema zaidi na wasemaji wa Kiswahili walioko Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa huko ndiko mashine hii ilikozoeleka. Karibu nusu ya nyumba za Marekani hupata joto lake kutokana na gesi asilia, na nyingi kati ya hizo hulipata kupitia sanduku la bati lililosimama katika chumba cha chini ya nyumba au ndani ya kabati la ukumbini, likipuliza hewa ya moto katika mifereji ya bati hadi kila chumba. Mtu aliyekulia Uvira, Kigoma au Mombasa, akapitia pengine miaka ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, kisha akapangishiwa nyumba Louisville au Des Moines, siku ya kwanza huonyeshwa jiko, bafu na mahali pa kutupa taka. Sanduku lile aghalabu huambiwa asiliguse tu. Ushauri huo una busara yake, na nitaurudia, lakini una hasara moja: unamfanya mtu aishi miaka mingi juu ya mashine inayochoma gesi bila kujua inafanya kazi kwa utaratibu gani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Themostati iliyoko ukutani ikiona nyumba imepoa, hutuma ishara kwa nyaya nyembamba zenye volti 24 tu hadi kwenye bodi ya umeme ndani ya hita. Bodi haifungui gesi. Kwanza inawasha feni ndogo ya kuvuta moshi nje, kisha inasubiri. Pembeni kuna kisahani chenye utando mwembamba na mrija wa mpira; mafundi hukiita swichi ya presha. Utando huo ukivutwa na mvuto wa feni, umeme hupita, na bodi hupata ushahidi wa kwanza kwamba moshi una njia ya kutoka. Hapo ndipo kiwashio, kipande kidogo cha kauri, hupashwa umeme hadi kikawa chekundu kama kaa. Vali hufunguka, gesi hutoka, moto hushika. Lakini bodi bado haiamini. Ndani ya sekunde chache inataka shahidi mwingine, kijiti cha chuma kilichoingizwa ndani ya mwali. Mwali wa moto hupitisha umeme, na huupitisha kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kijiti kile hupima mkondo huo mdogo mno, sehemu chache tu za milioni za ampia moja. Mkondo ukikosekana, gesi hufungwa papo hapo, kwa sababu vali iliyo wazi bila moto maana yake ni gesi mbichi inayojaa nyumbani. Hita nyingi hujaribu tena, kwa kawaida hadi mara tatu, kisha hujifungia kwa saa moja au zaidi. Mambo yakienda vizuri, feni kubwa huanza kusambaza hewa baada ya nusu dakika hivi, huku swichi nyingine ikilinda joto lisizidi kipimo, na nyingine ikiangalia kama ndimi za moto zimetoka nje ya mahali pake.

Nimeueleza mfuatano huo kwa urefu kwa sababu ndani yake mna tabia inayoongoza kila kitu kingine: mashine hii imejengwa juu ya shaka. Haikubali kitu mpaka kithibitishwe, na ushahidi ukipotea hata kwa sababu ya kipuuzi, jibu lake ni hapana. Shaka hiyo haikutoka kwa wahandisi waoga. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London huko Texas, gesi asilia ilivuja chini ya sakafu ya shule. Gesi asilia haina harufu kwa asili yake, wala hakuna aliyeihisi. Cheche ya mashine ya umeme ikailipua, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo Texas ikalazimisha gesi itiwe dawa yenye harufu kali, ile ya kitu kilichooza ambayo leo kila mtu anaijua, na kwingineko wakafuata. Hata kabla ya hapo watu walikuwa wamefikiri sana jinsi ya kuileta gesi ndani ya nyumba. Mwanamke Mmarekani mweusi, Alice Parker wa Morristown, New Jersey, alipata hataza mwaka 1919 kwa mchoro wa hita ya gesi yenye vichomeo kadhaa, kila kimoja kikipeleka joto upande wake wa nyumba na kikiongozwa peke yake. Kugawa joto, basi, ni wazo la zamani. Kilichoongezeka tangu wakati huo ni sehemu ile ya mashine inayojua kukataa.

Sasa tuiulize: kwa kawaida hukataa nini? Ukizifuata dalili zinazosumbua nyumba nyingi, utaona kwamba sehemu kubwa hazihusu gesi hata kidogo. Zinahusu hewa. Chukua lalamiko linalosikika kuliko yote, kwamba hita inawaka dakika chache, inazima, kisha inapuliza hewa ya baridi. Mwenye nyumba husema gesi imekwisha nguvu. Ukweli ni kwamba moto umewaka vizuri, ila hewa ya kuuchukua ule moto na kuupeleka vyumbani haipiti. Chujio limeziba kwa vumbi, nywele na manyoya ya zulia. Feni inavuta kwa shida. Chuma kinachotenganisha moto na hewa ya nyumba kinapata joto kupita kiasi. Swichi ya joto inakata gesi, na feni inaendelea kuzunguka ili kukipoza chuma. Hewa ile ya baridi inayowaudhi watu ni mashine ikijiokoa. Dawa yake ni chujio jipya linalouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, lenye mshale ubavuni unaopaswa kuelekea kwenye hita, na linalotakiwa kubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu kulingana na wingi wa watu, watoto na wanyama nyumbani. Naongeza jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana: chujio la bei kubwa lililoshonwa kwa nyuzi za karibu mno, lile linalojisifu kunasa kila kitu hadi virusi, huweza kuinyima hita hewa hata likiwa jipya, kama feni na mifereji havikukusudiwa kwa ajili yake.

Kuna pia ubahili unaokula nafsi yake. Familia hufunga matundu ya hewa katika vyumba visivyotumika ili, wanavyoona wao, joto lisipotee bure. Au kochi husukumwa hadi ukutani likaziba lile tundu kubwa linalorudisha hewa kwenye hita. Hesabu inaonekana nzuri, lakini feni ya hita imepimwa kwa nyumba nzima. Ukizuia njia tatu kati ya nane, joto lililobaki halina pa kwenda, na mwisho wake ni ileile swichi ya joto kukata. Nyumba inapoa, na bili haishuki kama ilivyotarajiwa.

Upande wa pili wa hewa ni ule wa moshi, na hapa hita za kisasa zimeleta mkasa wa aina yake. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikiungua vizuri huzaa hewa ukaa na maji. Maji mengi: kila kilo moja ya methani hutoa zaidi ya kilo mbili za maji, yakiwa mvuke. Hita za zamani ziliuachia mvuke huo uende zake kwenye dohani pamoja na joto lililomo. Hita mpya, zile ambazo zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya gesi huishia kuwa joto la nyumba, huupoza mvuke mpaka ukawa maji tena na kulichukua joto lake. Moshi unaobaki ni wa vuguvugu tu, ndiyo maana hupitishwa katika mabomba ya plastiki yanayotokeza ukutani, futi chache kutoka ardhini. Ni akili nzuri, mpaka theluji inapoanguka usiku kucha na upepo kuirundika penye bomba lile. Feni ndogo inazunguka, moshi hauna pa kutokea, utando wa swichi ya presha hauvutwi, na hita inakaa kimya. Vivyo hivyo mrija wa kutolea maji ukiganda au ukiziba kwa uchafu, maji hurudi ndani na ushahidi uleule hukosekana. Mtu anayesikia mlio wa feni ndogo usiofuatwa na kitu chochote angefanya vizuri kuvaa koti, kutoka nje na kutazama bomba kabla ya kupiga simu yoyote. Koleo la kuondolea theluji limewasha hita nyingi kuliko bisibisi.

Hapa najua kuna msikilizaji anayetikisa kichwa. Atasema: unawasifu hao mashahidi wako kana kwamba hawasemi uongo, na kumbe mara nyingi wao ndio wabovu. Ni kweli, na pingamizi hilo lina uzito. Kile kijiti cha ndani ya mwali, kwa mfano, hupata utando mwembamba wa uchafu uliookwa na moto wa misimu kadhaa. Moto unawaka sawasawa, wa buluu, mzuri, lakini umeme haupiti kwenye utando ule, na bodi inaona giza. Inafunga gesi baada ya sekunde tano au sita, inajaribu tena, inafunga, inajaribu, inajifungia. Hii ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za hita kugoma, na hapo shahidi kweli amesema uongo. Lakini angalia ni uongo wa upande gani. Kijiti kichafu husema hakuna moto wakati upo. Kwa namna kilivyoundwa ni vigumu mno kiseme upo wakati haupo, kwa kuwa bodi haitafuti umeme tu, inatafuta ule unaopita upande mmoja, na huo hutokana na mwali peke yake. Waya wa themostati ukikatika, hita huzima. Utando wa swichi ya presha ukichanika, hita huzima. Hata zile hita kuukuu zenye kimoto kidogo kinachowaka mchana na usiku hufuata kanuni hiyohiyo: kijiti kilichochomwa na kimoto huzalisha umeme kidogo kwa joto lake, kwa kanuni iliyoelezwa na Mjerumani Seebeck mwaka 1821, na umeme huo ndio unaoishikilia vali. Kimoto kikizimika, umeme unakufa na vali inajifunga bila kuamriwa na mtu. Kosa limeelekezwa kwa makusudi upande wa baridi, kwa sababu baridi humpa mtu muda wa kufikiri. Tiba ya kijiti kichafu ni kuzima umeme na gesi ya hita, kukitoa na kukisugua taratibu kwa sufi laini ya chuma, kazi ya fundi ya dakika kumi na ya mwenye nyumba makini ya nusu saa. Jambo la maana ni kwamba shahidi anasafishwa au anabadilishwa. Hafukuzwi mahakamani.

Maana kumfukuza ni rahisi, na hilo ndilo linalonitia hofu. Fundi wa kuokota, au jamaa mwenye mikono mepesi, akiona swichi inakata kila mara, huchukua kipande cha waya na kuunganisha ncha mbili pamoja. Daireki, kama tunavyosema. Hita inawaka, watoto wanapata joto, jamaa anasifiwa na kupewa chai. Alichokifanya ni kuiondolea mashine uwezo wa kukataa, bila kujua ilikuwa inakataa nini. Kama aliyoiruka ni swichi ya presha, moshi ambao bomba lake limeziba sasa utatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni sebule. Kuna ile swichi yenye kitufe kidogo kinachobonyezwa kwa kidole, iliyofungwa karibu na vichomeo. Hukatika pale ndimi za moto zinapotoka nje ya sanduku, jambo linaloweza kumaanisha kwamba njia ya moshi imeziba au kile chuma cha ndani kinachotenganisha moto na hewa kimepasuka. Watu hukibonyeza, hita inawaka, kesho kinaruka tena, wanakibonyeza tena, na baada ya wiki imekuwa desturi kama kuvuta pazia. Kitufe hicho kikiruka, kazi ya mwenye nyumba imekwisha. Aifunge gesi na amwite fundi mwenye leseni. Na yule anayesikia harufu nzito ya gesi nyumbani asitafute chanzo wala asiguse swichi ya taa. Atoke na watu wake, na simu ya kampuni ya gesi au ya 911 aipige akiwa nje.

Lazima pia nikiri mpaka wa hoja yangu. Nimesema hita ya kisasa hukataa pasipo usalama, lakini kuna hatari moja ambayo hita ya kawaida ya nyumbani haina kifaa cha kuipima, nayo ni kaboni monoksaidi ndani ya chumba cha kulala. Gesi isiyopata hewa ya kutosha huungua nusunusu, mwali wa buluu ukageuka kuwa wa manjano wenye masizi, na kuzaa hewa hiyo isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na udhibiti wa magonjwa, hukadiria kwamba zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka nchini humo kwa sumu hiyo ya bahati mbaya, bila kuhesabu nyumba zilizoungua, na zaidi ya 100,000 hukimbilia idara za dharura. Ugonjwa wake hujifanya mafua: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, mwili unalegea. Kinachoutenga ni kwamba huwapata wote nyumbani kwa pamoja, na hupungua mtu akitoka kwenda kazini. Ndiyo maana kengele ya kaboni monoksaidi haiwezi kuchukuliwa kama pambo la kumridhisha mkaguzi. Na wale wanaoitoa betri kwa kuwa inapiga kelele bure, wajue kwamba kwa viwango vya Marekani kengele hiyo ni mvumilivu kupita kiasi: ikikuta sehemu 70 kwa milioni, inaruhusiwa kungoja kati ya saa moja na saa nne kabla ya kulia. Ikilia, imekwisha kungoja. Milio minne mfululizo, kimya, kisha minne tena, ni amri ya kutoka nje. Mlio mmoja mfupi kila baada ya muda ni betri au uzee wa kifaa, kwa kuwa nacho hufika mwisho wa umri wake, na tarehe imeandikwa mgongoni.

Pingamizi zito kuliko yote, hata hivyo, halitoki kwa mafundi. Linatoka kwa mama mwenye mtoto mchanga katika nyumba iliyoshuka hadi nyuzi tano. Atauliza: hita yako inakataa kwa ajili ya usalama wangu, na baridi je? Baridi nayo inaua. Swali lake ni la haki, na mashine haina jibu, kwa sababu haijui kama nje ni Oktoba au ni usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri. Jibu lazima litoke kwetu, nalo ni kwamba hatari kubwa ya hita iliyogoma iko katika kile tunachokiwasha badala yake. Februari 2021, umeme ulipokatika Texas katika dhoruba ya barafu, watu waliingiza majiko ya mkaa ndani, wakawasha magari ndani ya gereji wapate joto, na kaboni monoksaidi ikaua waliokuwa wamenusurika na baridi. Hili linatuhusu kwa namna ya pekee. Jiko la mkaa ni kitu tunachokijua na kukiamini. Limepika vyakula vya utoto wetu. Lakini lilipika penye dirisha lisilo na kioo, chini ya paa la makuti au la bati lenye nafasi, katika nyumba zinazopumua. Nyumba ya nchi ya baridi imezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na kisichotoka ni pamoja na sumu. Tanuri la jiko la gesi lililoachwa mlango wazi kupasha sebule ni kosa la jamii hiyohiyo.

Kinachobaki ni hita ndogo ya umeme, na hapo tuwe wakweli juu ya nguvu yake. Ile ya kawaida ni ya wati 1,500, ambazo, kwa kipimo cha joto kiitwacho BTU, ni kama 5,100 kwa saa, wakati hita ya gesi ya nyumba ya wastani huchoma BTU 60,000 au 80,000. Haitaipasha nyumba. Itapasha chumba kimoja, mlango ukiwa umefungwa na familia nzima ikiwa humo, na hiyo ndiyo shabaha ya usiku wa kwanza. Ichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye waya wa kuongezea, na ikae umbali wa mita moja kutoka kwenye mapazia na matandiko. Bomba za maji zilizo kwenye kuta za nje ziachwe zikidondosha maji polepole ili zisipasuke.

Nirudi kwa yule aliyeambiwa asiguse. Mpangaji anayo hoja: mashine si yake, na kujifunza dalili zake ni kumfanyia kazi mwenye nyumba. Naona kinyume chake, na si kwa sababu za kifundi. Miji mingi ya baridi inamlazimisha mwenye nyumba kutoa joto. New York, kuanzia Oktoba hadi Mei, inataka angalau nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, mchana kukiwa na baridi nje, na 62 usiku. Chicago inataka 68 mchana na 66 usiku. Lakini sheria hutumika kwa anayeweza kueleza. Ujumbe unaosema hita haifanyi kazi unaweza kujibiwa baada ya siku mbili kwa ushauri wa kubonyeza themostati. Ujumbe unaosema: chujio ni jipya, betri za themostati ni mpya, swichi ya ukutani inayofanana na ya taa imewashwa, mlango wa hita umekaa sawasawa, bomba la nje halina theluji, moto unawaka sekunde tano na kuzima mara tatu, na taa ndogo ya bodi inamweka mara kadhaa kisha inapumzika, huo haukwepeki. Kumweka kwa taa hiyo ni lugha yenye kamusi yake, iliyobandikwa nyuma ya mlango wa hita; kuhesabu na kupiga picha hakuhitaji leseni. Nambari hiyo pia humfanya fundi aje na kifaa kinachofaa mkononi badala ya kuja mara mbili na kutoza mara mbili.

Na kuna siku ambayo fundi atamaliza ukaguzi, atasimama, na kusema chuma cha ndani kimepasuka, hita nzima ibadilishwe, maelfu ya dola. Anaweza kuwa anasema kweli. Chuma kilichochoshwa na miaka ya chujio chafu hupasuka kweli, na fundi wa haki ana wajibu wa kuifungia hita hiyo na kuibandika kadi nyekundu hata familia ikilia. Anaweza pia kuwa anauza. Shaka tuliyoisifu ndani ya mashine inafaa hapa vilevile: aonyeshe ufa, kwa macho au kwa kamera, na aandike vipimo vya kaboni monoksaidi alivyovipata kwenye moshi. Wakati maoni ya fundi wa pili yanasubiriwa, gesi ya hita ibaki imefungwa na familia ilale penye hita ya umeme au kwa jamaa. Kama fedha hakuna, mpango wa serikali kuu wa Marekani uitwao LIHEAP, uliopo tangu 1981, husaidia bili za joto kwa kaya zenye kipato kidogo, na katika majimbo mengi husaidia pia kutengeneza au kubadili hita iliyokufa. Maombi hupelekwa kwa ofisi za mtaa, na kwa dharura ya baridi hushughulikiwa mbele ya mengine. Fomu itauliza hita ina tatizo gani. Aliyehesabu mimweko ya taa atakuwa na la kuandika.